Visigino Havijui Udhuru

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 12 Machi 1974, visigino vya Akelo vilikuwa sentimita nne juu ya ubao. Kemilembe Rweyemamu alipima mara tatu kwa rula aliyoipigilia misumari pembeni mwa ubao huo, na mara zote tatu alipata jibu lilelile. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Akishikwa makwapani na kusimamishwa, miguu yake ilipishana kama mkasi, na vidole ndivyo vilivyogusa chini.

"Anacheza ngoma," alisema mama yake, Aoko, akijaribu kucheka.

"Hachezi. Misuli ya nyuma ya mguu inavuta, na ubongo hauiambii iache. Alipozaliwa alilia?"

"Hakulia, Daktari. Mkunga alimpiga, akammwagia maji baridi, akampulizia pilipili. Alikuja kulia wakati sisi tumekwisha kuanza kumlilia."

"Mimi si daktari," alisema Kemilembe, huku akiandika. "Sichomi sindano wala sitoi dawa. Mimi ni wa mazoezi ya viungo."

"Sawa, Daktari."

Kemilembe alikuwa na miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Kamachumu, karibu na Bukoba, upande wa pili wa ziwa, na alikuwa amesomea kazi hiyo nje ya nchi kwa miaka mitatu. Chumba chake hospitalini kilikuwa zamani stoo ya magodoro. Kilikuwa na mikeka miwili, ubao wenye rula, na vyuma viwili vya kujishikiza ambavyo fundi wa hospitali alivitengeneza kwa mabomba ya maji. Hakuwa mtu wa kuwabembeleza wazazi. Aliamini kwamba mzazi akiambiwa jambo lilivyo atajua la kufanya, na kwamba maneno matamu humla mtoto muda wake.

Kwa hiyo alimwambia Aoko jambo lilivyo. Visigino vikishuka kabla Akelo hajatimiza miaka mitano, fundi atamtengenezea viatu vyenye vyuma, atasimama kwa magongo, na mtoto anayesimama hupokelewa shule. Visiposhuka, kano zitakuwa fupi daima. Mtoto wa miaka mitatu hubebwa mgongoni. Wa miaka kumi habebeki.

"Vishuke mpaka wapi?" aliuliza Aoko.

"Mpaka viguse ubao."

Aoko aliutazama ubao kwa muda, kama mtu anayeonyeshwa mpaka wa shamba.

Mwezi wa nne Kemilembe alikwenda nyumbani kwao, ufukoni kusini mwa mji, ambako Ogada, mume wa Aoko, alivua samaki pamoja na ndugu zake kutoka Mara. Hospitali haikuwa na kifaa cha kumsimamishia mtoto, na barua alizoandika kukiomba hazikujibiwa. Lakini alikuwa ameona jambo moja pale ufukoni. Wanawake wanapokausha dagaa, yule mwenye mtoto asiyejua kukaa humchimbia kishimo mchangani, akatandika kanga na kumkalisha humo, na mtoto haanguki. Kemilembe alichukua maarifa hayo akayarefusha. Alichimba shimo lenye upana wa ndoo, kina chake hadi mbavu za chini za Akelo. Chini kabisa alilaza kipande cha ubao ili nyayo zikae sawa. Alizungushia gunia, akamteremsha mtoto, kisha akarudisha mchanga taratibu kuzunguka magoti mpaka yakanyooka yenyewe.

Akelo alisimama. Mikono yake ilikuwa huru, kichwa chake kilikuwa juu, na kwa mara ya kwanza aliwaona kuku kutoka juu kwenda chini. Alipiga kelele. Mama yake alimpa ufito wa kufukuzia ndege waliokuja kuiba dagaa. Kwanza aliwakosa wote, halafu akawapiga kuku, halafu akampiga mmoja wa kaka zake mapacha, aliowafuata kuzaliwa na ambao ndio sababu ya yeye kuitwa Akelo.

Aoko hakuwa na saa ya mkono. Kemilembe alitafuta kipimo kingine akakiona kinapita mbele yake: kivuko cha kwenda Kamanga. Kikiachana na gati ya mjini, mtoto aingie shimoni; kikigota ng'ambo, atolewe. Asubuhi mara moja, jioni mara moja. Aliyaandika hayo kwenye kadi kwa herufi kubwa, na chini akaongeza: USIRUKE HATA SIKU MOJA. Aoko hakujua kusoma, lakini alikariri kadi nzima, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuichomeka kwenye paa.

Majirani hawakukosa la kusema.

"Aoko amepanda mtoto kama muhogo!" alipaza sauti mmoja wao. "Shemeji, utavuna lini?"

"Nikivuna nitakuletea mbegu," alijibu Aoko. "Wewe uliyepanda watano ukavuna walevi watano."

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, Aoko alimleta mtoto hospitalini, na kila mara swali lake lilikuwa moja kabla hata ya kuketi: "Vimegusa?" Mwezi wa tano visigino vilikuwa sentimita tatu na nusu. Tarehe 2 Julai vilikuwa mbili na nusu. Tarehe 16 Julai Aoko hakutokea. Alikuja tarehe 30, na rula ikaonyesha tatu kamili.

"Umeruka siku ngapi?" aliuliza Kemilembe.

"Tisa. Baba yangu alifariki, Daktari. Nilikwenda Shirati kwenye msiba. Ningemchimbiaje mtoto shimo mbele ya watu wanaochimba kaburi?"

"Pole kwa msiba. Lakini siku tisa zimekula wiki nne. Visigino havijui udhuru, Mama Akelo. Havijui msiba, havijui mvua, havijui mgeni. Vinajua umesimamisha au hukusimamisha."

Aoko aliinamisha kichwa. Kemilembe aliona kwamba maneno yameingia, akaridhika. Tarehe 27 Agosti visigino vilikuwa sentimita mbili. Alikadiria kwamba kwa mwendo ule vingegusa ubao mwezi wa pili au wa tatu wa mwaka uliofuata, na Akelo angekuwa na karibu mwaka mzima mbele yake kabla ya kutimiza mitano. Kwa mara ya kwanza alimpima mtoto urefu wa unyayo, akampelekea fundi vipimo vya viatu.

Jumatatu tarehe 9 Septemba malori yalifika ufukoni. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini, na zamu ya watu wa pale ilikuwa imefika. Walipakia milango, masufuria na kuku. Nyumba zilibomolewa siku ileile ili mtu asipate pa kurudi. Walipelekwa bara, upande wa mashariki, kilomita sitini kutoka mjini, kwenye kijiji kipya kilichokuwa na shule, bendera na mistari ya vigingi iliyoonyesha kila nyumba ikae wapi. Wavuvi walikabidhiwa ekari za pamba.

Jumanne mbili zilipita bila Akelo. Tarehe 8 Oktoba ilifika barua, iliyoandikwa kwa mkono mzuri na mwalimu wa kijiji hicho, aliyeitwa Mhoja:

*Kwako Daktari. Salamu nyingi, na baada ya salamu napenda kukujulisha kuwa sisi hatujambo. Tumehamishwa. Nimeruka siku nne tu za safari na za kujenga, naomba unisamehe. Nimemchimbia shimo jipya. Huku hakuna kivuko, sijui nipime muda kwa kitu gani. Pia huku hakuna mchanga hata chembe, udongo wote ni mweusi. Nisaidie. Ni mimi Aoko, mama wa Akelo.*

Kemilembe aliisoma mara mbili, kama alivyosoma kila kitu. Swali la muda lilikuwa rahisi. La udongo alilifikiria kama dakika tano. Kazi ya shimo ni kushika magoti, na udongo wowote hushika. Mchanga ulitumika kwa sababu ndio uliokuwapo. Na udongo mweusi alikuwa akiufahamu. Kwao Kamachumu udongo wa asili ni mwekundu, na shamba la migomba huja kuwa jeusi baada ya vizazi vitatu vya samadi na majani makavu. Mzee anayeposewa binti huuliza rangi ya udongo kabla ya kuuliza idadi ya ng'ombe. Ni udongo laini, ukiushika unachambuka, na mvua ikinyesha maji hupotea kabla hujafika mlangoni.

Alijibu siku ileile: *Pima kwa kengele ya shule. Ikilia ya kuingia darasani, mwingize. Ikilia ya kipindi cha kwanza kwisha, mtoe. Jioni vivyo hivyo. Udongo mweusi ni mzuri, endelea. Usiruke hata siku moja.*

Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule. Oktoba yote ilikuwa kavu, na karibu Novemba yote. Barua ya pili ilifika tarehe 3 Desemba. Mwalimu Mhoja alikuwa ameandika kwamba mvua imeanza na watu wamepanda, kwamba Akelo anakohoa kidogo, na kwamba hawajaruka siku. Watoto wote walikohoa mvua zilipoanza. Hata hivyo Kemilembe aliomba gari, kwa kuwa wiki kumi na nne zilikuwa zimepita bila kipimo. Petroli ilikuwa ya mgao. Gari lilipatikana baada ya siku kumi na tano.

Waliondoka Jumatano tarehe 18 Desemba saa kumi na mbili asubuhi, yeye na dereva, Mayala, Msukuma wa Kwimba aliyependa kuzungumza. Nyuma ya Landrover walipakia ubao wenye rula na viatu vidogo vyenye vyuma, ambavyo fundi alikuwa amevimaliza. Walipita Kisesa, wakaiacha njia ya Bujora mkono wa kushoto, na hadi saa mbili barabara ilikuwa njema. Halafu waliacha changarawe, wakashuka kwenye tambarare, na baada ya mita mia mbili gari likazama hadi ekseli.

"Shuka usukume, Daktari," alisema Mayala, huku akivua viatu. "Elimu ya Bukoba haisukumi gari, lakini mikono yake huenda ikasukuma."

Kemilembe alishuka. Mguu wake uliingia hadi nusu ya muundi, na alipouvuta, kiatu kilibaki. Aliinama akachukua donge la udongo ule. Ulikuwa mweusi, mzito, unaong'aa kama sabuni, na ulimganda vidoleni.

"Udongo gani huu?"

"Mbuga. Huujui?" Mayala alicheka. "Kiangazi ni jiwe, mvua ikinyesha ni ugali. Ng'ombe akizama humu tunamvuta kwa kamba, na pengine inakuja kamba peke yake."

"Kwetu udongo mweusi ndio wa migomba."

"Ule wa kwenu umetengenezwa na ng'ombe na bibi zenu. Huu haukutengenezwa na mtu. Huu unafaa pamba na mpunga, basi."

Kemilembe aliendelea kulitazama lile donge.

"Mayala. Mtu akichimba shimo hapa, maji yakaingia, yanakaa siku ngapi?"

"Shimo la nini?"

"La chochote."

"Yanakaa mpaka jua liyanywe. Wiki, wiki mbili. Hayana pa kwenda. Na ubaridi wake sasa! Tulipokuwa tunachunga tulikuwa tunazika humo vibuyu vya maziwa."

Kemilembe alilitupa lile donge, akaenda nyuma ya gari. Walisukumana na lile gari kwa saa mbili na nusu, wakisaidiwa na wanawake waliokuwa wakienda kupalilia, na njia yote iliyobaki Mayala alizungumza peke yake.

Walifika saa tano na dakika arobaini. Aoko aliwaona kwa mbali, akakimbia kulipokea gari, kitambaa cha kichwani kikiwa mkononi. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni.

"Daktari! Umekuja! Karibu, shikamoo!" Kemilembe hakuwa amemzidi hata miaka sita, lakini aliipokea shikamoo. "Sikuruka, Daktari. Muulize Mwalimu, yeye ndiye mpiga kengele. Siku ya mvua kubwa watu walinicheka, wakasema Mjaluo huyu anafuga kambale. Nikawaambia visigino havijui mvua."

"Yuko wapi?"

"Amelala ndani. Kwanza njoo uone."

Shimo lilikuwa hatua nane nyuma ya nyumba. Lilikuwa limejaa maji ya rangi ya majivu hadi juu, na ukingo wake ulikuwa laini, umepigwa viganja kila siku na mtu mvumilivu. Kando yake kulikuwa na sufuria.

"Nachota kabla ya kila kengele," alisema Aoko. "Sufuria arobaini. Ninapomaliza yanaanza kuingia tena, lakini kengele ikilia ya kumtoa yanakuwa yamefika kiunoni tu. Na udongo wa huku unakamata kuliko mchanga. Hasogei. Uliandika kweli, ni mzuri."

Kemilembe aligeukia nyumba. Aliingia ndani.

Akelo alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amefunikwa kanga mbili. Alihesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi, dakika nzima: sitini na nne. Mianya ya pua ilitanuka kila alipovuta hewa, na ngozi kati ya mbavu iliingia ndani. Midomo ilikuwa na rangi ya kijivu. Ngozi ilikuwa moto, nayo miguu ya baridi hadi magotini.

"Homa hii ina siku ngapi?"

"Tatu. Kikohozi ndicho cha zamani. Zahanati iko mbali, na mto umejaa. Lakini tazama, Daktari." Aoko alipiga magoti, akamwinua mtoto kwa makwapa yake kama alivyofundishwa, akamsimamisha sakafuni. Uso wake uling'aa. "Tazama. Vimegusa! Tangu juzi vinagusa!"

Nyayo zote mbili za Akelo zilikuwa zimelala sawasawa juu ya sakafu ya udongo. Miguu haikupishana. Kichwa kilining'inia kifuani. Kemilembe alishika goti akalikunja, akalinyoosha, halikumpinga. Aliijua sababu. Misuli iliyovuta miaka mitatu na miezi kumi na moja ilikuwa imeacha kuvuta, kwa sababu mwili haukuwa tena na nguvu za kuvutia.

"Vimegusa au havijagusa?" aliuliza Aoko.

"Vimegusa," alisema Kemilembe. "Mlaze. Mfunike. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Ndani ya gari hamkuwa na sindano wala dawa. Alikuwa amebeba ubao na viatu. Aoko alikaa nyuma, mtoto kifuani, na baada ya muda aliviona vile viatu karibu na miguu yake, akavichukua, akavishika mapajani. Aligeuza vyuma, akafungua kamba, akazifunga tena.

"Hivi ni vyake?"

"Ni vyake."

"Atavivaa leo?"

"Leo hapana."

Mvua ilianza saa nane. Mayala alizunguka ile tambarare kwa njia ya juu, ndefu zaidi kwa kilomita kumi na tatu. Saa tisa na dakika kumi na tano, kabla ya kufika Kisesa, Aoko alisema kwa sauti ya kawaida, "Daktari, ameacha kukohoa." Kemilembe alimwambia Mayala asimame. Aliweka vidole viwili shingoni mwa mtoto, akaitazama saa yake dakika mbili nzima. Halafu akatafuta upande wa pili wa shingo, dakika mbili nyingine.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Mayala alivua kofia. Mvua ilipiga turubai. Aoko alikaa vilevile, mikono yake ikiendelea kuzishika nyayo za mtoto ndani ya kanga, kidole gumba kwenye kila kisigino.

"Mama Akelo," alisema Kemilembe. "Tutakupeleka unakotaka."

"Kwetu ni ufukoni. Lakini nyumba iko wapi? Huko yamebaki mawe." Aliangalia nje. "Turudi. Baba yake yuko huko."

Walirudi. Barabara ilifungwa na mvua nyuma yao, na gari likalala kijijini siku mbili. Alhamisi mchana Ogada na ndugu zake walichimba kaburi mbele ya nyumba, kama ilivyo desturi yao kumzika mtu nyumbani kwake. Ijumaa asubuhi, saa tatu, lilikuwa na maji kupita magoti.

Wanaume walisimama wakitazamana. Aoko alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na sufuria. Alipiga magoti ukingoni akaanza kuchota. Hakuna aliyemzuia mwanzoni. Alichota bila haraka, akimwaga upande wa mteremko, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Alipofika arobaini alianza upya. Maji yaliingia kwa mwendo uleule aliokuwa akiyatoa.

Kemilembe alikwenda akachutama kando yake.

"Acha, Aoko," alisema.

Aoko alimwaga sufuria, akaizamisha tena.

"Hukuandika hivyo," alisema.

Saa nne na nusu Ogada alimnyang'anya sufuria. Kaburi la pili lilichimbwa nyuma ya shule, kwenye mwinuko penye changarawe, na Mayala alikuwa mmoja wa wachimbaji. Mwalimu Mhoja hakupiga kengele siku hiyo. Akelo alizikwa saa sita na dakika kumi mchana, Ijumaa tarehe 20 Desemba 1974, amevaa viatu.